Kocha Hakusubiri "Ila"

Niliogopa tangu mapema, na woga wangu hauna adabu: huanzia tumboni, hupanda mpaka mdomoni. Binti yangu alikuwa amesimama juu ya kile kilima kidogo cha udongo katikati ya uwanja, nyuma ya maghorofa ya Skärholmen, hapa Stockholm, akirusha mpira. Katika besiboli mrushaji ndiye mchezo wenyewe. Yeye hurusha, mpinzani hupiga kwa gongo, na mrushaji akichoka, kocha peke yake ndiye huamua kumtoa na kumweka mwingine. Mchezo huo nimejifunza ukubwani, kwa ajili ya mtoto. Lakini mkono ule sikuhitaji kufundishwa na mtu, niliuogesha mwenyewe.

Kila baada ya kurusha alikunja kiwiko na kukibana ubavuni. Ndivyo alivyofanya alipokuwa mdogo akichomwa sindano. Hakulia, alibana mkono tu.

"Amtoe," nikamwambia rafiki yangu, Mkongo wa mtaa wa Bredäng ambaye binti yake yumo katika timu hiyo hiyo. "Mtoto anaumia yule."

"Yaya, tulia," akasema, maana kwao yaya ni dada mkubwa, akinimiminia chai ya chupa. "Kocha anajuaka kazi yake."

Anajua! Kiongozi wa kwaya yetu hasubiri mwimbaji akaukiwe sauti ndipo amrudishe kwenye mstari. Huyu alikuwa na mrushaji wa pili, yuko benchi, amejifunika jaketi, na bado anangoja.

Hatimaye akatembea hadi kilimani. Nikamshukuru Mungu. Ni kijana wa watu, mpole, hapigii watoto kelele. Akainama, akamwuliza binti yangu anajisikiaje. Uwanja ulikuwa kimya, nikasikia jibu.

"Bra."

Yaani nzuri. Kocha akampigapiga begani, akageuka, akarudi zake.

Chai ikanimwagikia viatuni. Kwetu ukiulizwa habari, jibu ni nzuri, hata kama umetoka mazikoni sasa hivi. "Habari za nyumbani?" "Nzuri. Ila baba amelazwa." Nzuri ni hodi tu, habari yenyewe huja na ila, na mtu mwenye malezi huingoja. Binti yangu amezaliwa hapa Stockholm, hunijibu Kiswidi hata nikimwita mezani, lakini hiyo tabia aliinyonya kwangu. Kocha alipokea nzuri yake, akaondoka kabla ila haijafika.

Nikasimama, nikapaza sauti: "Na mkono je?"

Wazazi wote wakanigeukia. Huku mzazi hapaswi kupayuka uwanjani. Binti yangu akaona haya.

"Mamma, sluta!" Mama, acha bwana.

Nikakaa. Nikawa namwomba Mungu yule mtoto asirushe tena. Akarusha. Mpira haukufika hata nusu ya njia, ukaanguka kwenye majani, naye akainama ameukumbatia mkono wake. Hapo ndipo kocha alipomwita mwingine. Wazazi wakapiga makofi.

"Si unaona?" akasema rafiki yangu. "Amemutoa kwa wakati wake."

Nilitamani kumrushia kikombe.

Kwenye treni nilikaa karibu na binti yangu, mfuko wa barafu ukiwa kiwikoni pake. Alikuwa anatazama nje, hata simu hakuitoa. Swali nilikuwa nalo mdomoni tangu uwanjani, nikaliogopa. Mwishowe nikauliza kwa sauti ya kila siku, kana kwamba namwuliza jirani.

"Habari ya mkono?"

"Nzuri, mama."

Alijibu kwa Kiswahili, nami nikangoja. Tukasimama kituo cha Sätra, watu wakashuka, wengine wakapanda, milango ikafungwa. Nikaendelea kungoja.

"Ila hivi vidole viwili," akasema, "sivisikii."