Mbaazi za Njiru

Soko zima la Ishiara lilimwita Tutakupigia. Jina lake halisi ni Njiru Kivuti, mtu mzima, baba wa watu, lakini alikuwa ameketi mbele ya majopo matano ya intavyuu na yote matano yalimuaga kwa neno hilo moja: tutakupigia. Hakuna aliyepiga. Basi vijana wa bodaboda wakimwona anateremka na begi lake la makaratasi wanamwuliza, "Tutakupigia, leo simu ina chaji?" Naye anacheka nao. Mimi ndiye niliyekuwa nikikasirika kwa niaba yake.

Mimi ni Ednah, wengi huniita Mama Elphas. Nina duka la kupiga chapa na fotokopi kando ya soko la mbuzi, na kwa miaka kumi na miwili nimewauzia watu wa Mbeere karatasi za maswali ya intavyuu. Jieleze kwa ufupi. Kwa nini tukuchukue wewe? Udhaifu wako ni upi? Majibu niliyatunga mwenyewe, na sijisifu, kuna walimu na makarani wanaokula mshahara leo kwa majibu yangu. Kwa hiyo huyu Njiru alikuwa ananiharibia jina.

Mwezi wa nane mwaka wa 2018 ushirika wa wafugaji ukatangaza kazi ya karani wa mifugo, mtu wa kusimama langoni siku za mnada na kuandika mbuzi walioingia na waliotoka. Umri mwisho miaka arobaini. Njiru alikuwa anatimiza arobaini mwezi wa kumi na moja. Alilileta lile tangazo dukani akalilaza mbele yangu na kulinyoosha kwa kiganja.

"Mama Elphas, hii ndiyo ya mwisho," akasema. "Nikiikosa, mimi na kazi ya kuandikwa tumeagana."

"Huikosi," nikamwambia. "Kaa hapo."

Kila alasiri alikuja, tukaanza na mtihani wa kupima uwezo. Tatu, sita, kumi na mbili, ishirini na nne, inayofuata ni ipi? Kabla sijafunga mdomo ameshajibu. Mafundi wanne wakijenga ukuta kwa siku tisa, mafundi sita je? Sita, anasema, kama mtu anayetaja jina lake. Nikajiuliza, sasa huyu huwa anaanguka wapi?

Nikapaona. Kulikuwa na swali la mzee mwenye mbuzi themanini na wanne aliyeuza theluthi, je, alibaki na wangapi? Njiru aliliruka. Nikampa karatasi nyingine yenye mbuzi, akaruka tena. Nikafuta mbuzi, nikaandika maembe. "Hamsini na sita," akajibu hapo hapo. Nikarudisha mbuzi, akaweka kalamu chini.

"We Njiru, mbuzi wamekukosea nini?"

"Kwetu mbuzi hahesabiwi," akasema huku akitazama sakafu. "Wala mtoto. Anaangaliwa tu. Jioni unasimama mlangoni mwa boma, unawatazama sura, unajua nani hajarudi."

"Ngai! Na unaomba kazi ya kuhesabu mbuzi!"

Mila hiyo naijua, hata nyanya yangu alikuwa nayo, ila wengi wetu tuliiacha mlangoni mwa shule. Njiru hakuiacha, kwa sababu ya mama yake. Alipokuwa mdogo alikuja mtu wa sensa na kitabu, amevaa viatu vinavyong'aa, akamwuliza mama ana watoto wangapi. Mama akaona haya kukaa kimya mbele ya mgeni. Akasema sita. Halafu ikaja njaa ya mwaka wa themanini na nne, na Munyi, mtoto wake wa tatu, akafa. Tangu siku hiyo mama hajataja hesabu ya kitu chenye pumzi, na Njiru alimwahidi kwamba hata yeye hatataja.

"Munyi aliuawa na njaa, si na hesabu," nikasema. Mdomo wangu hauna breki.

"Najua," akajibu. "Lakini nilimwahidi."

Kesho yake nikaja na mkebe wa mbaazi kavu. "Hizi je, unaweza kuzihesabu?"

Akatabasamu. "Mbaazi ni mbaazi."

Tukapanga hivi: mbaazi zote zikae mfuko wa kulia, na kila mbuzi akipita langoni, moja ihamie mfuko wa kushoto. Wakiisha kuingia, unahesabu mbaazi za kushoto. Siku ya soko tulifanyia mazoezi dirishani kwangu na hakukosea hata mara moja. Lakini nilimwonya. Mbaazi zisionekane, atachekwa. Na akiulizwa udhaifu wake, ajibu kama nilivyoandika: udhaifu wangu ni kwamba nafanya kazi kupita kiasi. Nilimkaririsha mpaka wateja wakaanza kumjibia.

Siku ya intavyuu alirudi saa tisa. Nilijua mambo hayakwenda sawa kwa jinsi alivyolikumbatia lile begi.

"Haya, sema."

Akasema. Mtihani wa kuandika ulikuwa mwepesi. Halafu wakapelekwa kwenye zizi, mbuzi wakafunguliwa waingie, kila mtu aandike idadi. Mmoja wa wasaili akauona mkono wake ukihangaika mfukoni, akauliza mbele ya wote kama amebeba chakula cha mchana. Watu wakacheka. Njiru akazitoa mbaazi, akazihesabu juu ya begi, kisha akaandika kwenye karatasi: mbaazi sabini na moja.

"Mbaazi!" nikapiga kelele. "Uliandika mbaazi?"

"Ndiyo. Halafu ndani, mwenyekiti akaniuliza udhaifu wangu."

"Ukasema unafanya kazi kupita kiasi."

"Nikasema siwezi kuhesabu mbuzi."

Nilishika kichwa. Akaendelea polepole. Mwenyekiti, mama mmoja wa Muthara anayeitwa Celina Kathure, alimwuliza, sasa unaweza nini? Naye akajibu kwamba anaweza kujua nani hayupo. Pale zizini, akamwambia, kuna mbuzi mwenye sikio lililopasuka, kiwele kimejaa na anaita, lakini mtoto wake hakuingia na wengine. Wakatuma mtu. Mtoto akapatikana nyuma ya birika la maji, amenaswa kwenye magunia.

"Wakasemaje?"

Njiru akaangalia nje. "Tutakupigia."

Hapo nikamwaga hasira zote. Nikamwita mpumbavu, nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba mama yake ndiye amemfungia maisha kwa kamba ya mbuzi. Aliniachia mkebe wangu kwenye kaunta akaenda zake. Nilijuta kabla hajafika barabarani, lakini sikumwita.

Wiki mbili hakukanyaga dukani. Kisha simu yangu ikalia, maana ndiyo namba aliyoandika, huko anakochunga hakuna mtandao. Alikuwa Bi Celina.

"Huyo mtu wa mbaazi yuko karibu?" akauliza. "Wengine waliandika namba kila mtu yake, yeye peke yake alipata. Tunamtaka Jumatatu. Na mama, hebu niambie, watu kumi na tisa waliniambia udhaifu wao ni kufanya kazi kupita kiasi, maneno yale yale, kama wimbo wa shule. Nani anawauzia huo upuzi?"

"Hata mimi sijui," nikasema.

Nilifunga duka, nikachukua bodaboda mpaka kwao. Njiru alikuwa anatengeneza ua, na mama yake ameketi kivulini akipepeta. Nilimwomba Njiru radhi kwanza, mbele ya mama, kisha nikatoa habari. Njiru hakushangilia. Alimtazama mama yake. Nami nikamtazama.

"Hiyo kazi," mama akauliza, "atawataja?"

"Hatawataja, mama. Atahesabu mbaazi."

Mama aliweka ungo chini. Halafu akainuka, akaingia nyumbani, akatoka na kibuyu chake cha mbegu. Akakishika kiganja cha mwanawe, akaanza kuweka mbaazi moja moja, bila haraka, bila kusema neno, kama anayemlaza mtoto kitandani. Mimi kwa mazoea ya duka nikahesabu moyoni. Sita.

Watoto wake walio hai ni watano. Nilifungua mdomo huu wangu usio na breki, nikaufunga.

Njiru akazifumbata zile mbaazi, akazitia mfuko wa kushoto, ule wa walioingia.