Kompyuta Iliyomkana Ajambo

Florence Ajambo wa Tororo hakuwahi kuiamini kompyuta yake, na hakuficha. Kazi ya kupiga na kukata video aliianza enzi za kaseti, akimbebea taa mpiga picha wa harusi. Mashine za siku zile ukizinunua zinakuwa zako, kama jembe, na hakuna jembe lililowahi kumuuliza mtu jina lake shambani. Hii ya sasa, aliyoinunua Busia upande wa Kenya, ilikataa kufanya kazi mpaka iunganishwe na mtandao, ifunguliwe akaunti, itajiwe namba ya simu. Oguttu, fundi wa dukani, alijaza laini ya Kenya aliyokuwa nayo Ajambo siku hiyo. Programu ya kukatia video nayo ikataka ilipiwe kila mwezi kama chumba cha kupanga. Ukichelewa inagonga muhuri juu ya uso wa bibi harusi.

"Sasa hapa mwenye nyumba ni nani?" Ajambo aliuliza.

"Mama, dunia nzima iko hivyo."

"Dunia nzima sikuinunua. Nimenunua hii."

Ile laini ya Kenya akaiacha ikalala, maana watu wa mpakani hubadili laini kama viatu. Ikalala mpaka ikafa, namba yake akapewa mtu mwingine. Ajambo hakujua.

Alijua Jumanne moja. Mzee Matayo Obbo wa Kirewa, kabla ya kufa, alikuwa amemwita ampige video akitembea mpaka wa shamba lake, akigusa mti mmoja mmoja na kusema huku kwa Owori, huku kwa Samuel, wanawe wawili. Mzee alisema karatasi haina sauti. Jumamosi hiyo ukoo ulikuwa unakutana kumaliza matanga, na video ioneshwe mbele ya wote. Ajambo alikwisha kuihamishia kwenye kompyuta na kufuta kadi ya kamera, ipate nafasi ya kazi nyingine, kama alivyofanya siku zote. Asubuhi ile kompyuta ilijisasisha yenyewe, ikaamka haimjui. Ikasema itatuma namba sita kwenye simu inayoishia arobaini na sita, ile laini yake ya Kenya.

Akamwuliza Oguttu kwa simu kama diski inaweza kung'olewa ikasomwe kwingine.

"Haitasomeka. Imefungwa kwa ufunguo, na ufunguo wenyewe uko ndani ya akaunti."

Ajambo akapiga hesabu. Awaambie wana wa Obbo kwamba kompyuta imekataa, nani ataamini? Samuel atasema Owori kamnunua; Owori atasema ni Samuel. Jina la miaka ishirini na tano lingezikwa Kirewa pamoja na mzee.

Akaipigia namba yake ya zamani. Ikapokewa na sauti ya mama mtu mzima.

"Mama, habari ya huko. Kuna namba sita zimeingia kwa simu yako sasa hivi. Naomba unisomee. Ni za video ya harusi."

"Namba sita."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ni wa mkopo, au wa gari? Wa juzi alisema nimeshinda gari. Nikamwambia alilete hapa Alupe, barabara ipo."

"Mama, mimi si mwizi."

"Hata yeye alisema hivyo. Vuka uje nikuone. Mwizi hapendi kuonekana."

Alhamisi Ajambo akavuka na kompyuta mgongoni. Mwenye ile sauti, Mama Agwang, alikuwa mwanamke mrefu, wa kabila la Wateso, asiyecheka ovyo. Kwa haraka yake Ajambo akaiwasha kompyuta na kuiomba itume namba kabla hata hajakaa. Simu ikalia, Mama Agwang akaikalia.

"Yoga," akasalimu kwa Kiteso. Kisha akauliza kwao wapi, baba yake nani, mama yake kaolewa akitoka wapi, na waliobaki nyumbani wanaendeleaje. Alipoitoa simu, kompyuta ikasema muda wa namba umekwisha.

"Namba imekufa, Mama. Inaishi dakika kumi tu."

"Kitu gani kinakufa kabla watu hawajasalimiana? Hiyo haraka ni ya mwizi." Akamkazia macho. "Na harusi yenyewe ni ya nani?"

Ajambo akakosa jina. Kompyuta ilikuwa imebakiza nafasi moja tu ya kuomba namba siku hiyo. Akasema kweli yote: mzee, miti, ndugu wawili.

"Kwa nini ulisema harusi?"

"Niliogopa. Ukisikia shamba, utakata simu."

"Ningekata, kweli." Mama Agwang akafikiri. "Nitakusomea. Lakini nione kwanza kilichomo, mkono wako haujagusa kitu. Sifungui nyumba nisiyoijua."

Akazisoma namba, kompyuta ikafunguka, wakaitazama video dakika zote arobaini. Halafu Ajambo akajaribu kuiondoa namba ile kwenye akaunti. Kompyuta ikamwambia asubiri siku thelathini.

"Siku thelathini mimi ni ufunguo wako?" Mama Agwang akaguna. "Basi ufunguo hauendi bila mwenyewe. Jumamosi nakuja."

Na akaja kweli, akakaa mbele Kirewa, simu mkononi. Video haijaanza, Owori akasimama.

"Dada Ajambo, Alhamisi ulionekana unavuka na hiyo kompyuta. Ulikwenda kukata nini huko?"

Watu wakageuka. Ajambo alifungua mdomo, Mama Agwang akawahi.

"Alikuja kwangu. Mimi nilifungua, mimi niliona yote kabla hajagusa kitu."

"Na wewe, Mama, nani amekulipa?"

"Nimekuja kwa nauli yangu, na nyama yenu sijaionja. Shamba lenu silijui. Washa."

Ukutani mzee akaanza kutembea. Akakohoa, akafukuza mbwa. Alipofika kwenye mvule akageuka, akafungua suruali na kukojoa. Wanawake wakainamisha vichwa. Ajambo alitamani ardhi immeze.

"Hapo Ajambo alitaka kukata," Mama Agwang akasema, "nikamkataza. Ukikata mkojo, watasema umekata na mpaka."

Mzee akajifunga, akagusa mvule, akasema: "Kuanzia hapa, kwa Samuel." Owori akautazama mgongo wa baba yake, kisha akakaa chini polepole.

Ajambo hakungoja wamalize kula. Palepale akanakili video kwenye flashi tatu: moja akampa Owori, moja Samuel, ya tatu akamkabidhi Mama Agwang. Kompyuta ikiamka tena haimjui, isimjue.