Chupa ya Tatu Mbele ya Wageni wa Guangzhou

Usha alikuwa hasikii harufu yoyote. Mafua mabaya ya mwezi uliopita yalipomwacha yalizichukua zote, na daktari akamwambia asubiri: huenda zikarudi, huenda zisirudi. Aliyejua ni kaka yake Pravin peke yake. Na leo, mwaka 2009, katika ukumbi wa hoteli katikati ya London, wanunuzi sita kutoka Guangzhou walikuwa mezani na glasi zao, wakimngoja Usha awaonjeshe mvinyo anaotaka kuwauzia.

Alifika Uingereza akiwa mtoto, mwaka 1968, wiki chache kabla sheria haijawafungia mlango Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza kama zao. Baba, aliyekuwa na duka lake Kisumu, aliishia kiwandani. Watoto wakakulia nyuma ya kaunta ya mjomba, muuza vinywaji wa mtaa wa Queensbury, London. Mama hakuruhusu tone la pombe lipite koo la mtu nyumbani mwake. Basi Usha alijifunza kuonja na kutema, na kwa kutema huko akajenga kampuni pamoja na Pravin. London ilikuwa imejaa wauzaji. Ndipo wakaanza kuitupia macho China.

Mpango wao wa leo ulikuwa huu: Pravin atanusa kila chupa kwanza, kisha amwambie dada yake kwa Kiswahili. Nani pale angekielewa?

Mvinyo mweupe ulipita salama. Wa pili pia. Wa tatu ulikuwa mwekundu, ule waliouwekea matumaini yote. Pravin aliupitishia pua juu juu. "Uko sawa. Mimina."

Usha akamimina, akaanza maelezo yake. Mara akaona nyuso zinakunjana. Msichana mmoja alirudisha glasi bila kuonja. Mzee Liang, kiongozi wao, alinusa mara mbili, akaiweka glasi mezani.

"Bhai, kuna nini?" alimuuliza kaka yake kwa Kiswahili.

"Sijui. We endelea kuongea."

"Niongee nini, na mimi hata karafuu siisikii? Nusa tena, uniambie ukweli. Unanuka?"

Pravin alinusa tena, safari hii kwa makini. Kabla hajajibu, sauti ikatoka ng'ambo ya meza.

"Unanuka gunia lililolowa, dada."

Alikuwa mzee Liang, kwa Kiswahili.

"Shikamoo, mzee," ndilo neno pekee lililomtoka Usha.

"Marahaba. Nilikaa Mlimba miaka ya sabini, Wachina tulipokuja kujenga reli Tanzania. Kiswahili hakijanitoka." Hakutabasamu. "Wenzangu wanauliza tunasema nini. Niwajibu nini?"

Chini ya meza Pravin alimkanyaga dada yake mguu. Usha akauvuta.

"Waambie kizibo kimeuharibu mvinyo wa chupa hii. Na waambie aliyewaalika hasikii harufu, ananusiwa na kaka yake."

Liang akatafsiri polepole, bila kupunguza wala kuongeza. Mwanamume mmoja alifunga mkoba wake, kacha! Usha hakumngoja ainuke. Alifungua chupa nyingine ya mvinyo uleule, akammiminia yule msichana.

"Niambieni ninyi unanukia nini. Leo mimi ndiye mwanafunzi."

Msichana alinusa, akasema kitu. "Tende nyekundu kavu," Liang akatafsiri, "zile tunazotia kwenye supu." Mwingine akabisha: ni chai iliyokaushwa kwa moshi. Wakaanza kushindana kwa sauti, hata mwenye mkoba akanyoosha mkono apewe glasi. Miaka yote Usha aliusifu mvinyo kwa matunda ya vichaka vya Uingereza, ambayo watu hawa hawajapata hata kuyaona. Akasikiliza, na kila jina alilolisikia akamwomba Liang alirudie.

Ule mwekundu hawakuununua. Walichukua mweupe, kidogo tu wa kujaribia, na Liang akamwambia aje Guangzhou baridi ikiisha.

Garini, wakirudi Stanmore, Pravin alikuwa amefura. "Umetuvua nguo mbele ya watu."

"Walikuwa wameshatuona uchi, bhai."

Hakumsemesha tena mpaka sikukuu yao ya Diwali ikapita. Lakini siku ya safari ya Guangzhou alikuja asubuhi bila kuitwa, akayapakia masanduku ya chupa garini mwenyewe, akampeleka uwanja wa ndege. Njiani alizungumzia foleni tu.