Meno Begani

Shule niliishia darasa la sita, lakini Doha nzima sijaona mwenye digrii aliyenizidi akili ya barabara. Nilianza kwa kuosha mabasi ya watu pale Industrial Area. Miaka ya elfu mbili na kumi ilipoingia nilikuwa na mabasi yangu mwenyewe, nikibeba walinzi zamu kwa zamu, wengi wao wanajeshi wastaafu wa kwetu Kenya. Niliamini hakuna jambo lililobaki la kunishangaza.

Mmoja wa walinzi hao alikuwa mzee mwenye mwanya, akiburuta mguu wa kushoto. Bomu la kutegwa lilimuumiza mpakani, akiwa kazini. Lakini faili lake la jeshi kule nyumbani lilisema aliumia akicheza mpira kambini, basi akanyimwa fidia ya ulemavu. Akakata rufaa. Ikarudishwa: alete ushahidi zaidi, mtu aliyekuwepo.

"Aliyenibeba hata sura sikuiona," aliniambia. "Nilikuwa mgongoni kwake."

"Mzee, tulia. Uko kwenye basi la nani?"

Nikatangaza kwenye kila basi langu: nani aliwahi kumbeba mwenzake mgongoni, mpakani, baada ya bomu? Wakanicheka. "Bosi siku hizi ni mganga!" Mpaka siku moja mlinzi wa kule mtaa wa Al Thumama, pande la mtu, akasema polepole, "Mimi nilibeba mmoja. Nilisikia alikufa."

Ijumaa, baada ya swala, nikawakutanisha kwenye kibanda cha chai ya karaki. Wakatazamana. Yule mkubwa wa mwili akatikisa kichwa.

"Simjui. Uso wa yule ulikuwa damu na vumbi tupu. Siwezi kuapa uongo, afande, hata kwa huruma."

Mzee akainama.

"Ninachokumbuka ni kwamba aliniuma," yule mkubwa akaendelea. "Njia nzima, bana! Nusura nimtupe."

Mzee akainua uso. "Nilikuwa najizuia nisipige kelele, adui asijue tulipo."

Yule mkubwa akafungua vifungo, akashusha shati begani. Kovu la meno, na katikati yake nafasi.

"Fungua mdomo," akasema.

Mzee akaufungua.

Nimeona majumba ya Doha yakiota mchangani hadi yakagusa mawingu. Mbele ya bega lile yalikuwa si kitu. Nilisimama pale, chai ikapoa mkononi.

"Kumbe hukufa, mbwa wewe."

"Sikufa, afande."

Rufaa ilikubaliwa mwaka uliofuata. Lakini mimi nakumbuka zaidi ile Jumapili niliyowapeleka ubalozini kuapa. Lifti ilikuwa mbovu. Mzee akasimama akiziangalia ngazi, na yule mkubwa, mvi kichwa kizima, akampa mgongo.

"Panda," akasema. "Ila leo usiume."