Pakiti za Babu Si za Mjukuu

Ni saa kumi na mbili asubuhi na Tong Guizhen ana jasho shingoni, ingawa nje mabomba yameganda barafu. Masufuria sita ya dawa za mitishamba yanachemka mbele yake. Anakoroga, anachuja, anafuta macho kwa kiwiko.

"Tangu mafua haya yaanze sijala wali wa moto," anasema.

Tong, mwenye miaka hamsini na miwili, ni mchemsha dawa wa hospitali ya tiba asilia katika mji mdogo wa jimbo la Hunan, China. Msimu huu ameongezewa kazi ya kugawa pakiti za watafiti wa chuo kikuu, wanaopima kama dawa fulani ya mitishamba inapunguza makali ya mafua. Nusu ya wagonjwa wanapewa dawa yenyewe. Nusu nyingine, maji machungu yaliyotiwa rangi. Wote wamekubali, na wote wanameza vidonge vya kawaida.

"Pakiti zina namba tu. Hata mimi sijui ipi ni ipi."

Wiki iliyopita jirani yake, Pan Yue'e, ambaye mumewe yumo kwenye utafiti, alikuja kwenye dirisha la kugawia dawa.

"Shoga, niongezee zile za utafiti. Za mzee zimekwisha."

"Zimekwishaje?"

"Anakunywa na Xiaoman. Usinikodolee macho, homa si ileile? Tena za wasomi."

"Mjukuu anaumwa tangu lini?"

"Juzi. Leo anahema kama mbwa aliyekimbizwa, lakini dawa itashika tu."

Tong aliacha masufuria motoni, akaenda mwenyewe kumbeba mtoto hadi kwa daktari. Masufuria mawili yaliungua, akagombezwa. Daktari alikuta nimonia.

Mama unayesoma, usijidanganye kwamba kwako haitatokea. Ile pakiti iliyobaki kabatini, ile ya jirani aliyepona, ndiyo inayokufanya useme ngoja kesho. Mtoto wa miaka mitano kama Xiaoman hana kesho nyingi za kungojea.

Xiaoman bado yuko wodini, anapumua kwa mpira wa oksijeni. Pan hamsalimii Tong. "Anasema nilipaswa kumwambia mapema kwamba huenda ni maji," anasema Tong. "Mumewe aliambiwa, akasaini. Nimechoka kubishana."

Ombi la Tong limekubaliwa: kuanzia Jumatatu, kila mgonjwa wa utafiti atanywa pale pale dirishani. Foleni itakuwa ndefu, na baridi ni kali.

"Watanitukana," anasema, akigeukia sufuria linalofurika. "Wanitukane. Pakiti nirudishiwe tupu."