Kijiwe Kilichosuguliwa kwa Majivu

Nimechoka, wala sitaki kuambiwa pole. Miaka miwili nilisugua kijiwe cheusi cha feraiti, madini ya sumaku, kidogo kama punje ya pilipili manga, dirishani kwetu Shangani. Mchana nasomesha fizikia sekondari. Baada ya Alasiri nasugua. Kwa unga wa kusugulia, laini, kisha laini zaidi, mpaka uso uwe kioo.

Maana kijiwe hicho ni kristali; ukiiweka kwenye sumaku ukaipitishia mawimbi ya mikrowevu, hula sehemu ya nguvu ya mawimbi hayo ikaigeuza kuwa joto. Upotevu huo ndio niliotakiwa kuupima. Ikipata mikwaruzo, hata isiyoonekana kwa macho, upotevu unazidi, na kipimo hakisemi tena habari za kristali, kinasema habari za mikwaruzo. Maabara ya chuo ninakosomea iko Dar. Nilipewa Jumatatu moja na kijiwe kimoja. Bila kipimo hicho, shahada hakuna.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Ramadhani nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mama uwani, masinia ya shaba yamepangwa juani yanawaka. Kila mwaka siku za vunja jungu husugua shaba zote kwa ndimu, majivu na makumbi ya nazi. Pembeni, juu ya kitambaa, kijiwe changu.

"Na hichi nshakusugulia," akasema. "Kigumu, hakitaki kutakata, lakini nkakikomesha."

Lo! Nilikaa palepale kwenye maji ya majivu. Nilikasirika, nisidanganye, nilitaka kupiga kelele mpaka majirani watoke.

"Mama, nani kakutuma?"

"Nitumwe na nani? Miaka miwili nakuona umekiinamia kidudu hicho, macho mekundu, chakula kinapoa. Nkasema leo mwanangu apumzike."

Nilimsaidia kuingiza masinia ndani.

Boti ya Jumapili niliipanda vilevile. Jumatatu, kwenye kioo cha kompyuta, pale nilipotarajia mchoro wenye ncha nyembamba pakatokea kilima kipana, kimelala: upotevu wa mikwaruzo. Msimamizi wangu akauliza nani kaikwaruza kristali. Nikasema mimi. Akafunga daftari lake, akaniambia nafasi nyingine hana.

Niliporudi, mama alikuwa anachagua mchele.

"Ushamaliza?"

"Nshamaliza, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, uso umemnawiri, akanisogezea mto mkekani. "Basi lala, mwanangu."

Nikalala.