Mbegu Zilizoteremka na Maji

Nauza makala, makaa ya kupikia, sokoni Kamalondo, na kwa miaka mingi sikuwaza udongo unaobaki porini nyuma ya gunia. Gunia likifika kavu na limejaa mpaka mdomoni, nimeridhika. Au nasema sijaridhika, ili bei ishuke.

Anayeyachoma ni kaka yangu, huko nje ya mji, mbele kupita Luano. Miti ilipoisha pale, alinipa sehemu nilime mahindi. Unga ulikuwa umepanda bei, na nyumbani kwangu Katuba bukari, ugali wetu, ndiyo chakula, mengine ni maelezo. Bila mavuno yale, watoto wangelala na chai.

Nikaenda kuchagua shamba kama ninavyochagua nyanya. Palipokuwa na matanuru pamebaki maduara ya udongo mweusi, wenye vipande vya makala. Juu yake, kwenye mteremko, ardhi nyekundu, safi, kama imefagiwa.

"Yaya, iyo nyeusi umupe muke wako," nikamwambia kaka. "Uchafu ya makala niko nayo ya kutosha ku soko. Miye naomba ile nyekundu."

Alijaribu kunieleza. Nikadhani anasifia mali iliyomshinda kuuza. Nilibishana mpaka akachoka, akanipa, nikarudi nikijiona fundi.

Ardhi ile ilikuwa safi kwa sababu ilikuwa imekwanguliwa. Mchoma makala hufunika magogo kwa mabonge ya udongo wa juu ili moto usipate hewa, na mabonge hayo huyachimba palepale kando. Mimi nilikuwa nimejipatia kilichobaki: kigumu kama uwanja wa mpira, bila mti wala nyasi.

Mvua kubwa ya kwanza ilipiga mara tu baada ya kupanda. Maji hayakuingia. Yaliteremka, yakachora mifereji, yakabeba mbegu. Nilipekua kwa kidole tuta kwa tuta, kisha nikaanza kupekua upya. Mbegu nyingine sikuwa nayo.

Baada ya siku chache mulamu wangu, mke wa kaka, akaniita. Nilimkuta kwenye duara lake jeusi, chini ya shamba langu. Maji yalipofika pale yalikuwa yamezama, maana udongo ule ulioungua ni laini, unakunywa. Mbegu zikabaki. Mahindi yake yalisimama kwa mstari. Yangu yalijiotea katikati, yamebanana kama watu kwenye matanga.

Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kudai japo nusu. Aliniwahi.

"Mulamu, mbegu yako ilikuya yenyewe na mayi, miye sikuiita. Leta jembe, tulime hapa hapa pamoja."

Nikaenda kuleta jembe. Yaliyobanana tuliyahamishia kwenye maduara mengine. Kule juu tulilaza matawi kukingama mteremko, maji yapunguze mwendo. Tangu hapo vumbi la makala, lile wanunuzi wanalolikataa, nalibeba kutoka sokoni na kulichanganya na ule udongo mwekundu. Unaanza kulainika, polepole. Maduara ni machache, mteremko ni mkubwa, na miti haijarudi.

Wakati wa kuvuna aligawa mulamu. Nilihesabu mafungu, nikahesabu tena, nikitafuta aliponipunja. Langu lilikuwa kubwa kuliko lake. Nilipofungua mdomo, kaka akasema nikibishana tena atanirudisha kule kwenye nyekundu. Nikafunga mdomo, nikafunga na gunia.

Kila nikisonga bukari namshukuru mwanamke yule, kimoyomoyo. Nikimwambia, atadhani nataka punguzo.